Namba Nyuma ya Magari

Fundi rangi alimaliza kulipaka jengo la maegesho la ghorofa nne likiwa bado tupu, akalipenda kama mzazi anavyompenda kifungua mimba wake. Kila ghorofa aliiandikia namba ukutani, usawa wa kiuno, kwa mistari iliyonyooka kama uzi. Lilipofunguliwa, akamleta mama yake aione kazi.

Waliegesha, wakashuka mkahawani kunywa chai. Mama akahisi baridi.

"Nipe ufunguo, nikachukue sweta langu."

"Nikusindikize?"

"Mimi ndiye niliyekuzaa, au wewe ulinizaa?"

Chai ikapoa. Dakika ishirini zilipopita, fundi akapanda ngazi mbiombio. Ghorofa ya pili gari lake lipo, mama hayupo. Ya tatu, hayupo. Alimkuta ya nne, ameketi kwenye tuta la zege la kuzuia magurudumu, kavua viatu, mkoba magotini.

"Mama! Huku umefikaje? Si nimeandika namba?"

"Ziko wapi? Ghorofa zote zinafanana kama mapacha."

Fundi akanyoosha kidole ukutani, kikabaki hewani. Mbele ya namba palisimama gari. Jengo lilikuwa limejaa, na namba zake zote zimefunikwa.

"Tena pale kwenye kona gari limenikosakosa," mama akasema, na sasa sauti ilitetemeka. "Dereva hakuniona, nami sikumwona. Nikaona bora nikae, mwanangu atakuja."

Fundi akapiga magoti akamvisha viatu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye jengo lile hakuwahi kulitembea likiwa na magari.

Kesho yake alimwambia msimamizi wa jengo kwamba kosa ni lake na atalirekebisha. Msimamizi, aliyechoka kuwatafutia watu magari yao, akampa wiki moja, na vioo viwili vya kufunga kwenye kona ili madereva na watembea kwa miguu waonane.

Mama naye akaja kila asubuhi na kiti cha kukunja, kama bosi.

"Hiyo namba ipandishe. Juu zaidi! Hapo hata lori haliizibi."

Nguzo za kila ghorofa zikapata rangi yake: buluu, njano, kijani, nyekundu. Kijani walikibishania.

"Kimefifia kama mboga ya juzi," mama alisema, na fundi akachanganya upya huku akicheka.

Siku ya mwisho ilibaki njia ya waenda kwa miguu, mistari miwili myeupe kutoka ngazini. Mama akaomba brashi. Akainama, akavuta mstari hatua tatu hivi, kisha akashika kiuno akitweta, uso umemng'aa. Fundi akamalizia palipobaki.

Jioni msimamizi alikagua, akaridhika, ila akasimama karibu na ngazi.

"Fundi, hapa mstari umepinda. Nani kachora?"

"Mimi," akajibu fundi. "Na hapo sigusi tena."

Mama akajifanya anakunja kiti.