Kalamu Isiyopiga Kelele

Hakimu hakuwa na shida na mimi. Shida yake ilikuwa makapeni yangu, ile kalamu nene ya kuchorea. Alisema mwenyewe mbele ya watu wote, mashahidi wamekaa, mshtakiwa amesimama kizimbani: "Mama mchoraji, hicho kidude chako kinalia kuliko mashahidi. Siku ya hukumu nikikisikia tena, utachorea nje kwenye ngazi."

Watu wakacheka. Karani akacheka. Hata mshtakiwa akacheka, mtu mwenye kesi! Nikanuna, nikaendelea kwa penseli, huku najua kabisa penseli hainisaidii kitu. Gazetini mstari wa penseli hutoka kama uchafu wa vidole.

Niseme kazi yangu, usije ukadhani mimi ni mtu wa kuzurura mahakamani. Kamera haziruhusiwi mle ndani, kwa hiyo gazeti limeniweka mimi, kwenye kiti cha pembeni karibu na dirisha, nichore sura za watu wakiwa matatani. Kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi, lakini nakipenda kuliko sofa la nyumbani kwangu, na hapo sitanii. Nikiwa pale najua mimi ni nani. Mhariri naye alikuwa anakitolea macho kiti hicho kwa ajili ya mpwa wake, anayetengeneza sura za watu kwa kompyuta bila hata kuwaona. "Siku ukikosa picha ya hukumu," aliniambia, "usijisumbue kurudi." Basi ndivyo nilivyobanwa. Nikipiga kelele, hakimu ananitoa. Nikinyamaza na penseli yangu, mhariri ananitoa.

Nilihitaji kitu cha kutoa mstari mnene, mweusi, bila mlio. Yaani kalamu ya wino, zile za zamani za kujaza, lakini yenye ncha pana. Na iwe ya bei ya mtu anayelipwa kwa picha.

Kosa langu ni kumwambia wifi. Wifi, dada wa mume wangu, anauza vitambaa, na tangu azaliwe hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. "Huendi peke yako," akasema. "Wewe ukipenda kitu, uso wako wote unakitangaza. Watakuchuna."

Duka lilikuwa la vifaa vya ofisi, baridi, linanukia karatasi mpya. Muuzaji alikuwa mtu nadhifu, shati limenyooka, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alitufungulia kabati la kioo kwa ufunguo, akatandika kitambaa mezani, akazipanga kalamu juu yake moja moja.

"Hizi ni za wakubwa," akasema. "Mtu anapopanda cheo, anapostaafu, anapewa."

"Na wanaandikia vizuri?" nikauliza.

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Mama, hizi si za kuandikia. Ni za kuwa nazo."

Akanitajia bei ya ile niliyoishika. Nikairudisha kwenye kitambaa kwa mikono miwili, polepole, kama yai. Wifi akaguna.

"Kaka, mimi nataka ya bei ya chini, na iwe inaandika mnene," nikamwambia.

"Nimekuelewa," akasema, akaleta nyingine. "Hii hapa. Mstari wake kama unywele."

"Mnene, kaka."

"Basi hii. Hii hata unywele una nafuu."

Hakuwa kiziwi. Ni kwamba katika maisha yake yote ya kuuza kalamu, kila mteja alikuja kutaka mstari mwembamba, wa kuandika maneno mengi kwenye mstari mmoja wa fomu, na akili yake ilikataa katakata kuamini kwamba mtu mzima anaweza kutaka kinyume. Nikatoa karatasi zangu mwenyewe mkobani. Karatasi ya kujaribia ya dukani ni laini mno, kalamu yoyote ukiipitisha pale inakuwa malaika. Mimi nachorea karatasi ya bei rahisi, yenye kiu. Nikazijaribu zote alizonipa, kila moja nikiinamisha sikio karibu kabisa na meza.

"Unaisikiliza?" akauliza muuzaji, sasa ameshaanza kuogopa.

"Ndiyo. Nataka isiyosema."

"Mama, humu ndani hakuna kalamu inayosema."

"Zinasema, kaka. Hii inakwaruza kama kuku. Mnene, nimekuomba. Mnene na kimya."

Akamtazama wifi, kama vile anauliza kama nimepata matibabu. Kisha akakuna kidevu, akainama chini ya meza, akaibuka na kiboksi kilichopasuka kona. Ndani mlikuwa na kalamu ya plastiki, rangi ya kijani iliyopauka, ncha yake ya chuma imekatwa bapa kama bisibisi ndogo.

"Hii ilirudishwa," akasema kwa aibu. "Mteja alisema inakunywa wino kama ng'ombe, na sahihi yake haienei kwenye hundi." Akataja bei. Kwa mara ya kwanza siku ile, bei ya kibinadamu.

Nikaijaza wino mweusi. Nikamchora muuzaji unyusi mmoja, mkupuo mmoja tu, kutoka puani kwenda sikioni. Jamani! Unyusi ulikaa pale karatasini umejaa, mweusi tii, kingo zake safi kama zimekatwa kwa wembe. Nikaigeuza kalamu ubavu, ikanipa mstari mwembamba wa kope. Nikainamisha sikio. Kimya. Nilisikia moyo wangu tu, na moyo wangu ulikuwa unaruka.

Wifi akanikanyaga mguu, maana yake ficha uso wako. Halafu akaingia kazini.

"Hii ni kalamu au ni fimbo?" akaanza. "Tazama huo mstari, kama mtu kamwaga chai. Na hii rangi ya chura mgonjwa mmeitoa wapi? Kaka, hii hata ukigawa bure mtu anaomba muda wa kufikiria. Sisi tunakusaidia tu kukutolea takataka dukani."

Kila mtu anaujua mchezo huu. Mnunuzi anakiponda kitu, muuzaji anakisifia, wanavutana, wanakutana katikati, wanaagana vizuri. Kila mtu, isipokuwa muuzaji wa kalamu za wakubwa, ambaye wateja wake hulipa bila kuuliza. Yule bwana alisikiliza kila neno la wifi kwa makini, uso unamshuka, unamshuka. Wifi alipomaliza, muuzaji akaifuta kalamu, akaifunga, akairudisha kwenye kiboksi.

"Mna haki," akasema. "Nimekosea hata kuwaonyesha. Duka hili lina jina. Siwezi kumuuzia mama wa watu kitu kibovu." Na kiboksi akakitumbukiza kwenye pipa la taka.

Wifi akabaki mdomo wazi. Sijawahi kumwona hivyo, hata kwenye msiba.

"Wifi, umeniponza," nikamwambia.

"Kaka, subiri kwanza," wifi akasema. "Nilikuwa natania."

"Hapana, dada, umesema kweli. Inamwaga."

"Haimwagi! Inatiririka. Inatiririka vizuri." Ilimuuma, niliona. Mwanamke ambaye hajawahi kusifia kitu cha mtu kabla hajakilipia, leo amesimama katikati ya duka anasifia plastiki iliyomo kwenye pipa la taka. "Na hii rangi, kaka, hii ni ya majani mabichi. Inatuliza macho. Nyepesi, haichoshi mkono. Kalamu kama hii siku hizi huipati."

Muuzaji akaiokota, akavaa miwani yake, akaitazama upya. Aliamini kila neno, kama alivyoamini yale ya mwanzo. Tatizo likawa hilohilo.

"Kama ni nzuri kiasi hicho," akasema, "basi bei niliyotaja ilikuwa ya kalamu mbovu." Akaipandisha.

Bado niliimudu. Nikalipa, nikanunua na chupa ya wino, nikatoka mbio kabla wifi hajafungua tena mdomo. Njia nzima hakusema kitu, na wifi akinyamaza ujue ni mgonjwa.

Siku ya hukumu nilikaa kwenye kiti changu, kalamu imejaa wino. Mshtakiwa alikuwa mtunza stoo wa ofisi moja, mtu wa makamo, mashavu ya duara, macho ya kuomba radhi hata kabla hujamsemesha. Kosa lake ni kuondoka kazini na feni. Yeye alisema feni ni yake, aliileta kutoka nyumbani kipindi cha joto na ofisi nzima ikapepewa bure. Ofisi ikasema alete risiti. Nani anaweka risiti ya feni, jamani?

Nikachora. Nilianza na mabega ya hakimu, mstari mmoja kutoka bega hadi bega, na chumba kizima hakikusikia kitu. Hakimu aliinua macho mara moja akanitazama, akasubiri mlio, akaukosa, akaendelea kusoma. Nilijisikia raha mpaka nikaona aibu, maana mtu alikuwa anahukumiwa. Nikamchora hakimu mzima. Nikamchora mtunza stoo mashavu na macho. Imebaki midomo.

"Unakwenda jela miezi sita," hakimu akasema, akainama kutia sahihi. Kalamu yake ikakataa. Akaitikisa, akaipuliza, ikakataa. Karani akatupa macho chumbani, akaniona mimi, na kabla sijasema ndiyo wala hapana, kalamu ya kijani ikawa imeshatoka mkononi mwangu na kufika mezani kwa mheshimiwa.

Hakimu akatia sahihi, kisha akasita. Akaiinua karatasi, akaitazama ile sahihi nene, nyeusi, kubwa, kama mtu aliyejiona kwenye kioo baada ya kunyolewa. Akasaini nakala. Akasaini na karatasi nyingine ambayo sidhani kama ilihitaji sahihi. Huku anasaini, anamshauri mtunza stoo: mtu mzima lazima ajue kipi chake na kipi cha mwenzake, tamaa huanza na vitu vidogo. Akaifunga kalamu yangu. Akaichomeka kwenye mfuko wake wa kifuani.

Nikamtazama karani. Karani akatazama dari.

Sasa fikiria hali yangu. Nikisema neno, nimevunja ukimya wa mahakama na kiti nimekikosa. Nisiposema, picha haina midomo na kiti nimekikosa vilevile. Na tuache kiti. Utamwambiaje hakimu, mbele ya watu, wakati anamfunga mtu kwa feni, kwamba amechukua kitu chako? Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Niliogopa, basi. Hakimu akaanza kukusanya mafaili yake.

"Mheshimiwa, samahani," sauti ikasema kutoka kizimbani. "Hiyo kalamu ni ya mama yule anayechora."

Hakimu akamgeukia mtunza stoo. "Nani amekuruhusu kuzungumza?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

Mkono wa hakimu ukapanda mfukoni, ukaigusa kalamu, ukakaa hapo kidogo. Kisha akampa karani, karani akaniletea, na hakuna aliyesema asante wala pole. Askari wakamshika mtunza stoo. Miezi sita ikabaki sita. Akiteremka kizimbani aligeuka kuangalia kama nimeridhika, na hapo ndipo nilipoiona midomo yake vizuri. Nikaichora.

Mhariri aliutandaza mchoro mezani kwake. Kwanza akafurahi. "Mstari si huu sasa!" Kisha akakunja uso. "Lakini huyu mwizi mbona ana sura ya mwalimu wa kwaya?"

"Ndiyo sura yake."

"Wasomaji watamhurumia. Mtie weusi chini ya macho, mpinde mdomo kidogo. Dakika tano, mtambo unasubiri."

Kalamu ilikuwa mkononi, imejaa wino. Kupinda mdomo ni kazi ya mkupuo mmoja, na nisingesikika hata na aliyesimama ubavuni kwangu. Nikamfikiria yule mtu, ambaye alishafungwa, hana cha kupata, na bado akafungua mdomo kwa ajili yangu mimi niliyekuwa nimeufunga wangu.

"Sigusi," nikasema. "Ukitaka kiti changu, mpe mpwa wako. Huyu ndivyo alivyo."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu wa dawati la michezo wakageuka. Mhariri akatazama saa, akatukana, akakata mchoro kwa mkasi, akabakiza nyuso mbili tu, ya hakimu na ya mtunza stoo, akazibandika ubavu kwa ubavu. Zikaenda mtamboni. Kuhusu kiti akasema tutazungumza.

Kesho yake wifi alikuja na gazeti amelikunja, kidole gumba kimefunika maandishi ya chini. Alizitazama zile nyuso mbili kwa muda mrefu, akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu.

"Wifi," akasema, "umechora vizuri, sikatai. Lakini niambie, mwizi ni yupi hapa?"

Nikamwambia atoe kidole, asome.