Sekunde Ishirini za Mzee Sitati

Mzee Sitati alifariki Jumatatu. Jumatano asubuhi mwanawe, Makokha, alikuwa ameketi mapokezini katika kituo cha redio mjini Nakuru, na mikononi alikuwa na karatasi mbili zilizojaa majina pande zote.

"Ni hii tu, mathe," alimwambia Eucabeth, mtangazaji wa asubuhi. "Basi la matanga linatoka Karagita Ijumaa saa kumi. Watu wa Olkaria na Mai Mahiu walipandie hapo. Halafu hayo majina."

"Yote?"

"Ukiacha mmoja, atasema tumemzika na mzee."

Eucabeth hakubisha. Tangazo la kifo lina mpangilio wake: mwana wa nani, ndugu wa nani, mume wa nani, baba wa nani, babu wa nani, na wakwe mwishoni. Halifupishwi. Habari ilikuwa imeshaenea kwa simu, lakini wazee wa ukoo hawakusadiki kifo ambacho redio haijakitaja.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Tangu kampuni ya Nairobi ikinunue kituo, miaka mitatu iliyopita, nyimbo zilipangwa huko huko. Zilikuwa mia mbili na kumi, laini, za watu wazima, zilezile. Katika mojawapo, mara nne kila siku kwa miaka yote mitatu, mwanamke alikuwa amemsihi mpenzi wake arudi, na hakuna aliyejua kama alirudi. Kati ya wimbo na wimbo maikrofoni ilifunguka kwa sekunde ishirini, kisha ikajifunga yenyewe. Mkataba ulimtaka Eucabeth ataje jina la mahali katika kila nafasi. Nairobi waliita hilo kuwajali wenyeji.

Taa nyekundu iliwaka.

"Familia ya Mzee Sitati wa Karagita inatangaza kifo chake. Basi litaondoka huko Ijumaa, saa kumi jioni. Walio Olkaria na Mai Mahiu..."

Taa ikazima. Mwanamke akaanza kusihi.

Eucabeth akaligawa tangazo vipande. Ndugu walisomwa baada ya mwanamke, watoto baada ya wimbo wa tarumbeta, wajukuu katika nafasi mbili kwa sababu walikuwa wengi. Kila kipande kilianza na Karagita, ili msikilizaji asipotee. Mapokezini, Makokha alifuata nakala yake kwa kidole. Katika nafasi ya kumi na moja, mkwe wa mwisho alisomwa.

"Umetuheshimu, mathe," Makokha alisema, akaondoka.

Kisha simu ikalia. Alikuwa Gathogo, meneja wa vipindi kule Nairobi. Eucabeth alijiandaa kukaripiwa.

"Madam, leo umewaka. Kompyuta imehesabu Karagita mara kumi na moja. Hakuna kituo chetu kimewahi kufikisha hiyo."

"Boss, hilo lilikuwa tangazo la..."

"La nini si neno. Ni local kabisa. Nimehifadhi rekodi zote. Kuanzia Jumatatu zitajicheza kwa nafasi zako, wewe pumzisha sauti."

"Ni matanga, Gathogo. Mtu amekufa."

"Woi, pole. Mlikuwa mnajuana? Sawa, wacha niingie mkutano."

Mzee Sitati alizikwa Jumamosi, kwao Webuye. Jumatatu Eucabeth aliketi mbele ya maikrofoni, na taa haikuwaka. Badala yake aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwasoma wakwe. Baada ya wimbo ilisoma ndugu. Baada ya mwingine ilitangaza basi. Alijaribu kufuta. Kompyuta ilidai neno la siri, na neno hilo lilijulikana Nairobi tu. Gathogo hakushika simu.

Aliyepiga ni Makokha.

"Mathe, tumerudi jana tu. Mbona mnamuua tena?"

"Si mimi, kijana yangu."

"Lakini ni sauti yako."

"Ni yangu."

Nyuma yake, redio ya nyumbani kwao ilikuwa ikimsihi mpenzi arudi.

"Shangazi wa Mai Mahiu ameanza kulia upya," Makokha alisema. "Kuna binamu anauliza kama basi ni lile lile ama ni lingine. Sasa mama anataka kujua, hii kitu itaendelea mpaka lini?"

Eucabeth aliitazama ratiba kwenye skrini. Aliishusha ukurasa kwa ukurasa hadi wa mwisho. Nafasi zake zote zilikuwa zimejazwa.

"Mwambie mama ni mpaka Desemba," alisema.