Mtani wa Mazikoni

Alfani alianza kumzoea Nasma siku ya mazishi ya baba yake Nasma. Koo zao ni watani, na kwao Milola mtani ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa, wala hakasirikiwi hata akibeba kuku bandani. Siku ile alijilaza mlangoni akidai Nasma ni mke wake. Watu walicheka, na Nasma, macho yamemvimba kwa kulia, akacheka nao.

Matanga yakaanuliwa, utani haukuanuliwa. Nasma akikaa kwenye cherehani, Alfani yuko ng'ambo ya njia amemkodolea macho. Akienda gulioni Mtama, yuko nyuma yake. Akibadilisha namba ya simu, jioni anampigia. Akilalamika, anaambiwa, "Si mtani wako huyo? Acha kununa." Hata askari wa dawati la jinsia, aliyeanza kuandika maelezo kwa uso wa kazi, aliposikia neno mtani alitabasamu. Nasma alitamani kumnyang'anya ile kalamu.

Kisha Alfani akavunja komeo la dirisha, akaingiza nusu ya mwili chumbani kwa Nasma. Aliyemfuma ni Bi Kibibi, mama yake Nasma, akamtwanga mchi wa mgongo. Safari hii kesi ikafika mahakamani, na kwa kuwa Nasma hakuwapo chumbani, shahidi alikuwa mama huyo peke yake.

Kabla ya siku ya kesi, wazee wa kina Alfani walimtembelea Bi Kibibi. Walimsalimu kwa adabu, wakanywa chai yake, wakamwambia, "Ukitufungia kijana wetu, siku yako ikifika utafute wa kukuzika."

"Mama, mshtakiwa alikuwa anafanya nini dirishani?" hakimu aliuliza.

Bi Kibibi alivuta ushungi. "Alikuwa anatania, mheshimiwa."

"Na wewe ulimpiga mchi kwa nini?"

"Nami nilikuwa namtania."

Mahakama nzima iliangua kicheko. Nasma alimtazama mama yake, lakini mama alikuwa anatazama sakafu. Alfani akaachiwa huru.

Wakamkuta getini, anawangoja. "Mke wangu," alisema kwa furaha, "twende nyumbani."

Bi Kibibi alimshika binti yake mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nimeshazeeka. Ningezikwa na nani?"

Nasma aliutoa mkono wake taratibu.

"Umeshapata wa kukuzika, mama," alisema. "Na mimi atanizika huyu huyu."