Jina Nililompa Bi Marta

Jana mchana, nikiwa nimelalia rundo la mitihani ya wanafunzi wangu, niliota nimerudi Ulaya, kwenye kile kijiji cha milimani nilikokaa miaka miwili nikiwachunguza wenyeji wanavyoishi. Sisi Waafrika ndio tuliozoea kuchunguzwa. Kuwauliza Wazungu kwa nini wanaoa hivi na kuzika vile, niseme kweli, kulinivimbisha kichwa.

Mpakani, askari wa zamu ni jiko la kuni.

"Hapa ndipo Ulaya?" naliuliza.

"Ulaya ni bonde la pili," linajibu. "Na wa bonde la pili watakwambia ni la tatu. Uliyaandika mwenyewe, ukurasa wa arobaini wa kitabu chako."

Nageuka, mpaka umekuwa makaburi. Kando ya jeneza tupu amesimama Bi Marta, kikongwe aliyenipangisha chumba, akanilisha supu ya maharage na kunifundisha lugha yao neno kwa neno. Amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Mbona hujalala, Bibi?"

"Jiwe limenikataa, mwanangu."

Jiwe la kaburi linakohoa. "Marta ni mtu wa kitabuni. Nipe jina lake la kweli, nimpokee."

Nikalieleza kanuni ya kazi yetu: anayekusimulia maisha yake humtaji, unambadilishia jina, asije akadhurika. Jina la Marta nilimpa mimi. Yeye aliniomba nimwandike kwa jina lake, wajukuu walione, nikamwambia kanuni ni kanuni. Madaftari yenye majina ya kweli nikayachoma, kwa kanuni hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa nimefundisha habari zake darasani kwa jina la Marta, na sikumwandikia hata barua moja.

"Sawa," linasema jiwe. "Litaje."

Nakumbuka alivyokata mkate akiwa ameukumbatia kifuani. Nakumbuka alizaliwa nchi moja, akaolewa nchi ya pili, akafiwa na mume nchi ya tatu, na nyumba ni ile ile; hakuhama yeye, ilihama mipaka. Jina sinalo.

"Litaje wewe, Bibi."

"Nilikupa wewe. Ulilichukua, hukulirudisha."

"Shukrani ya punda ni mateke," likasema jiwe, bila hasira.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho. Bi Marta akanishika mkono.

"Andika hilo lako basi. Miguu inaniuma."

Nikachonga MARTA kwa ukucha, herufi tano, jiwe likiguna. Akapanda jenezani, akajipangia sketi vizuri.

"Asante, mwanangu," akasema, na hiyo asante ndiyo iliyonichoma.

Niliamka shavu limeganda kwenye karatasi. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umevunjika, na chini yake mmejaa vumbi la jiwe, jeupe. Sikunawa. Nilikaa pale pale nikijaribu majina ya kwao kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila moja niliona lingeweza kuwa lake.