Kiti Kisichouma

Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi, LaVonne Vondra aliingia kwenye yadi ya magari ya Kip Ostrander akiwa na chupa ya kahawa na ile saa ndogo ya jikoni anayopimia keki. Alikalia kila gari dakika ishirini. Kengele ikilia, anahamia jingine. Mumewe, Delmar, alisimama nje mikono mfukoni. Gari lilikuwa la kazi yake yeye, lakini Delmar hajawahi kuona kosa katika kiti chochote, kama ambavyo hajawahi kuona kosa katika chakula chochote. LaVonne ndiye aliyemkanda ule mgongo kwa miaka ishirini na sita, na alijua unapouma kuliko mwenye mgongo.

Delmar aliuza chanjo na hereni za ng'ombe kwa niaba ya kampuni ya Bredow. Kwa mwaka alikuwa akiendesha maili elfu hamsini na tano katika vilima vya mchanga vya Nebraska, ambako kutoka kwa mfugaji mmoja hadi mwingine redio hukatika mara mbili njiani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na Bredow hustaafisha watu siku wanayotimiza sitini na miwili. Gari lake la zamani lilikuwa na springi iliyotoboa kitambaa cha kiti, ikimchoma tako la kushoto maili baada ya maili, na hapa mjini kwetu Zelenka hakuna asiyekumbuka alivyokuwa akishuka anachechemea kama kuku aliyefungwa mguu. Sasa kampuni ilikuwa imekubali kumnunulia jingine, achague mwenyewe.

"Hili," LaVonne alisema akiwa ndani ya gari la saba, la kijivu, macho kayafumba.

"Hapo umefika, mama," Kip alisema. "Kiti hicho watu wakikaa hawataki kutoka. Juzi hapa padre alisinzia, nikambembeleza ashuke."

"Na injini?"

"Injini hii? Mzee Delmar atazikwa, yenyewe bado inawaka."

"Usinizikie mume, Kip. Fungua boneti."

"Vonnie," Delmar alisema kutoka nje, "hata lile la zamani halina neno."

"Wewe nyamaza. Wewe ukikalishwa juu ya msumari utashukuru."

Kip alicheka, Delmar naye akacheka, na gari la kijivu likachukuliwa. Lile la zamani walilipeleka nyuma ya nyumba, kwenye safu ya mierezi ya kukinga upepo, ambako kila familia ya kwetu hulaza magari yake mabovu.

Delmar alikufa Jumanne moja ya Machi, saa tano na kitu asubuhi, kwenye barabara ya kwenda Valentine. Moyo ulisimama tu. Katika gari la zamani ile springi ingemshtua, angekunja uso, angeegesha pembeni, angejua. Katika hili jipya hapakuwa na kitu cha kumwambia. Kiti kilimshika vizuri, gari likashika njia, na Delmar akaendelea na ratiba yake.

Wa kwanza kujua alikuwa Gaylen Huss, mfugaji, aliyeuziwa hereni mia nne za manjano mchana huo. Walisimama kwenye zizi wakijadili chanjo, baridi ikiwa kali, na Gaylen akaona kwamba mvuke unatoka kinywani mwake yeye peke yake. Alimaliza kuagiza, akatia sahihi, kisha akaingia ndani kupiga simu.

"LaVonne? Gaylen hapa. Pole sana, mama. Delmar amefariki."

LaVonne alivuta kiti akakaa. "Yuko wapi?"

"Ameondoka sasa hivi. Amesema anawahi wateja wa Mullen."

Habari ilienea, na kina mama wa kanisa wakafanya yanayofanywa. Walichemsha nyama ya paja la nguruwe, wakaoka mikate midogo, wakaoka na kolachi, vile vikate vitamu vya jamu ya plamu, kwa sababu marehemu alizipenda. Alhamisi kaburi likachimbwa. Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, kama kawaida yake, Delmar aliingia uani, akapita katikati ya magari ya waombolezaji, akasalimia, akakaa mezani bila kula, kisha akarudi kukaa garini. Alisema mgongo unatulia zaidi kule. Watu walikula kwa niaba yake, wakaenda zao. Nyama iliyobaki iliwekwa kwenye friza.

Kumzika kulihitaji cheti, na kwetu cheti cha kifo cha ghafla huandikwa na mwanasheria wa kaunti. Wakati ule alikuwa Merle Sedlacek, mtu mpole, aliyesoma na Delmar darasa moja.

"Vonnie, nitakiandikaje?" alisema. "Nimepishana naye asubuhi hii. Kaniinulia kidole."

Hapo alikuwa amesema yote. Kwetu dereva akikutana na mwenzake njiani huinua kidole cha shahada bila kuachia usukani, na aliyeinua kidole ni mzima, amekuona, hana kinyongo na wewe. Merle hakuwa na moyo wa kumwandikia kifo mtu aliyemsalimia. Alimwambia LaVonne kwamba atakiandika siku atakayomkuta Delmar ametulia.

Basi LaVonne akampigia Trent Bjorkland, meneja wa Bredow wa ukanda wetu, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye sauti ya mtu anayekufungulia mlango huku anausukuma kuufunga.

"Tumesikia, Bi. LaVonne, na ofisi nzima imesikitika. Tumetuma maua."

"Yamefika. Mpumzisheni sasa."

"Hajaomba likizo."

"Trent, mwanangu, mtu amekufa."

"Naelewa. Ila mwezi huu kauza kuliko wote. Hasimami kula, haendi chooni, wateja wanasema amekuwa msikivu sana. Nimemwongezea kaunti mbili na hakubisha."

"Hajawahi kubisha. Basi mstaafisheni. Julai anatimiza sitini na miwili."

Trent alivuta pumzi. Alikuwa amelitarajia ombi hilo, na wanasheria wa kampuni walikuwa wamelitazama. "Aliyekufa hatimizi mwaka, mama. Atabaki sitini na mmoja."

"Kama amekufa, nipeni nimzike."

"Cheti kiko wapi?"

Nisingependa kumsingizia Trent ukatili. Hakumchukia mtu. Alijua kwamba maiti anayefika kazini saa moja kasorobo ni mfanyakazi bora, na kwamba mjane mmoja hapigi simu zaidi ya mara moja kwa wiki. Joto la Juni lilipoanza, wateja wawili walipotaja harufu, alituma kwa posta pakiti ya vile vibao vya manukato vya kuning'iniza kwenye kioo, harufu ya msonobari, na karatasi inayomwagiza Delmar asizime kiyoyozi. Julai ilipita. LaVonne aliandaa keki kwa mazoea, mishumaa hakuiweka.

Kufikia Agosti ngozi ya mikono ya Delmar ilikuwa imekauka ikakaza, na sikio moja lilikuwa limeanza kuachia. LaVonne alilishikiza kwa plasta kila Jumapili. Alimfutia vumbi machoni kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa Delmar mwenyewe alikuwa amesahau kupepesa. Alifanya hivyo akiwa amesimama nje ya dirisha la gari, na kila mara alilia, kisha akakasirika kwamba analia.

"Delmar, unajua kwamba umekufa?"

"Kiti hiki hakiumi, Vonnie," alisema. "Ulichagua vizuri sana."

"Shuka ulale, mpenzi. Shimo liko wazi tangu Machi. Wameliwekea ubao ng'ombe wasitumbukie."

"Nimalizie wateja wa Ainsworth kwanza."

Usiku ule LaVonne hakupata usingizi. Hakumwaza Trent wala Merle. Aliwaza zile dakika ishirini na kengele ya keki, na jinsi alivyofumba macho ndani ya gari la saba. Alikuwa amemtafutia mumewe mahali pasipouma, akapapata, na sasa mtu hana njia ya kujua kwamba mambo yamekwisha. Kulipokucha alikwenda kwenye mierezi, akaweka betri mpya kwenye gari la zamani, akawafukuza panya, akakipapasa kile kiti. Springi ilikuwa palepale.

Jumapili iliyofuata alimwambia Delmar, "Lile la zamani linaharibika kwa kukaa. Lipeleke mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi."

Hakubisha. Alitoka kwenye gari la kijivu kiungo kimoja kimoja, LaVonne akimshika kiwiko, akaingia kwenye la zamani na kujiweka kitini. Springi ikamchoma tako la kushoto.

Delmar alikunja uso. Ulikuwa uso wake ule wa zamani, na LaVonne aliyekaa pembeni yake alifurahi kuuona, akaona aibu kwa kufurahi. Waliondoka. Kila shimo la barabara springi ilimkumbusha kitu: kwanza nyonga, kisha mgongo wote, kisha bega la kushoto, kisha kifua. Ile Jumanne ya Machi ambayo haikuwa imempata ilimpata sasa, yote kwa pamoja. Aliguna kwa sauti ambayo LaVonne hakuwahi kuisikia kwa mtu huyu asiyelalamika. Kwenye sanduku la barua alisimamisha gari.

"Vonnie. Nimekufa."

"Ndiyo, mpenzi."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia kila Jumapili. Ulikuwa umekaa vizuri."

Delmar alifikiri. "Inauma sana," alisema. "Nirudishe kwenye kile kingine."

LaVonne alimshika mkono, akasema hapana. Delmar akaomba mara ya pili, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, na mara ya tatu. LaVonne akasema hapana mara tatu, na ya tatu ilimtoka kwa shida. Kisha kichwa cha Delmar kikainama kwenye usukani, na mtu akatulia.

Alimpigia Merle. Merle alikuwa ziwani anavua, akasema asimguse, asimsogeze, atafika kesho asubuhi na karatasi zake. LaVonne alikaa garini na mumewe mpaka kukapambazuka. Alimweleza habari za friza, na nani alileta kolachi zipi, na kwamba nyasi za pale kaburini ni nzuri.

Saa kumi na mbili asubuhi aliyefika alikuwa Trent, na vijana wawili wa ghalani. Gari la kijivu huiambia ofisi lilipo, na lilikuwa limeiambia kwamba halijaondoka.

"Amechelewa Ainsworth, Bi. LaVonne."

"Mwache. Ametulia, mwone. Merle yuko njiani na cheti."

"Kikifika tutakiheshimu," Trent alisema, na alimaanisha. "Kwa sasa hakijafika."

Walimbeba vizuri, sitasema uongo. Mmoja alimshika mabega, mwingine magoti, Trent akashikilia lile sikio. LaVonne alining'inia kwenye mkono wa shati la mumewe mpaka kifungo kikakatika kikabaki kwake. Walimweka kwenye kiti cha gari la kijivu na kumfunga mkanda. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha zile kunyanzi za uso zikalegea moja baada ya nyingine, maumivu yakamtoka kama maji yanavyotoka kwenye sinki, na Delmar akawasha gari.

LaVonne alikuwa amesimama katikati ya njia. Gari lilimzunguka taratibu. Delmar alimtazama kupitia kioo, akainua kidole cha shahada bila kuachia usukani, kama anavyomwinulia mtu yeyote.

Merle alifika saa mbili na robo na karatasi zake kwenye bahasha. "Nimepishana naye," alisema akiwa bado hajashuka. Bahasha hakuifungua.

Bredow haikupoteza muda. Kufikia Krismasi, kila dereva wake aliyezidi miaka hamsini na mitano, wale waliokuwa wamekalia kuti kavu wakingoja kupunguzwa, aliletewa gari la aina ileile. Hawakuulizwa kuchagua, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umekwishafanywa na mtu makini. LaVonne alipokea barua ya shukrani yenye sahihi ya Trent. Mke wa Gaylen, ambaye mwanawe alikuwa ameajiriwa kuuza mbegu, alimpigia simu kuuliza ni kiti kipi hasa kisichochosha.

"Mtafutie kigumu," LaVonne alisema. "Kigumu kuliko vyote."

"Eti!" Mama Huss alicheka. "Na mgongo ule wa mwanangu?" Akanunua la kijivu.

Delmar haji tena nyumbani. Trent aligundua kwamba hahitaji kulala, akampa na Dakota ya Kusini. Ijumaa alasiri hupita kwenye njia panda ya barabara ya Valentine, na LaVonne huenda kule kwa gari la zamani, springi ikimchoma maili arobaini kwenda na arobaini kurudi. Huliona la kijivu kwa mbali, safi, halina hata mlio. Kidole huinuka. Mara ya kwanza aliinua mkono mzima na kupunga, na Delmar hakuelewa. Siku hizi naye humwinulia kidole.