Lango Lililokutwa Wazi

Leonie alilikuta lango wazi, akalifunga. Alikuwa ametoka mbali, huko pwani, jua linachoma, mwanawe mchanga Toby analia kiti cha nyuma, na vumbi jekundu limemwingia hadi kwenye kope. Tangu utotoni mwake lango lile, lililotenga malisho ya baba yake na miamba myeusi iliyotapikwa na volkano zamani, lilikuwa halikai wazi. Akalisukuma, akatia mnyororo, akaridhika kama mke aliyemtandikia mama mkwe kitanda. Kisha akaendelea hadi mjini Tolmer.

Tolmer ni baa, posta na banda la kumbukumbu, basi. Lakini wiki ile ya sherehe za Waanzilishi wa mji, watu walifurika. Baba yake, mzee Clarrie, alikuwa amehamia pale kulinda gari la kukokotwa, lililoonyeshwa bandani, la babu yake, aliyeswaga ng'ombe kutoka kusini hadi kwenye mawe yale. Ng'ombe wa Clarrie walikuwa uzao wa kundi hilohilo. Hakuwa na kingine cha kujivunia, ila sasa mjukuu.

"Kafanana nawe mno, Clarrie," akasema Mavis wa baa. "Hana jino, hana nywele!"

"Ana sauti ya dalali. Wewe mpe maji, uache umbea."

Sherehe ikavuta siku. Joto likazidi, hata mbwa wakakataa kubweka. Mchana mmoja Leonie akauliza, "Baba, ng'ombe nani anawatazama?"

"Wajitazame wenyewe. Kisima cha chini kimekauka, lakini birika la kunyweshea kule kwenye mawe meusi limejaa. Nimewaachia lango wazi."

Leonie akahisi maziwa yamemganda kifuani. "Lango lipi, baba?"

"Liko moja tu, mwanangu."

"Nililifunga, siku ile nilipokuja."

Mavis akaacha kufuta bilauri. Mtoto wa Tolmer hufundishwa kabla ya a, e, i: lango liache ulivyolikuta. Na Leonie alizaliwa palepale.

Clarrie hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu. Alichukua kofia na bunduki, akaingia kwenye gari la binti yake, na njia nzima akawa anapapasa magoti.

Ng'ombe walikuwa wamelundikana langoni. Walikuwa wameyanusa maji ng'ambo, wakasukumana hadi nguzo zikapinda, lakini mnyororo alioutia Leonie haukukatika. Clarrie akaufungua. Walioweza kusimama wakapita wakiyumba. Wengi hawakuinuka.

Leonie, Toby mgongoni, akateka maji birikani kwa beseni la kumwogeshea mtoto, akammiminia ulimini Marigold, ng'ombe mzee ambaye yeye alimpanda akiwa msichana. Maji yakatoka upande wa pili wa mdomo. Akammiminia tena. "Meza, mama. Meza basi, nakusihi." Jicho la Marigold lilimtazama bila lawama.

"Mpeleke mtoto garini," akasema Clarrie. Alikuwa ameshika bunduki.

"Baba, labda tukingoja kidogo..."

"Tungoje nini, Leonie?"

Leonie akageuka. Akaingia garini, akamziba Toby masikio, akaimba kila wimbo aliokumbuka, na wimbo ulipokwisha akaanza tena, kwa kuwa mlio wa nje haukuwa umekwisha.

Baadaye akatoka na chupa ya mtoto. Ndama wa Marigold alikuwa bado amesimama. Alipopewa chupa akatikisa kichwa, maziwa yakamwagika vumbini. Leonie akachovya kidole, akamtia mdomoni. Ulimi ulikuwa mkavu kama gome. Ukagusa, ukaacha. Ukagusa tena.

"Huyo hafiki asubuhi," akasema Clarrie, lakini akavua shati, akamfunika ndama jua. Kisha akambeba kama mzigo wa kuni, akamlaza ndani ya gari, nyuma.

Walipopita langoni Leonie akashuka kwa mazoea, mkono tayari kwenye mnyororo. Akaganda hapo. Hakujua tena mkono ule ufanye nini.

"Baba?"

"Liache," akasema Clarrie. "Liache tu, mwanangu. Panda."