Wote Wanafia Jikoni

Doa hakuitwa Doa na wazazi wake. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, kwa sababu utotoni hakuwahi kuvaa nguo isiyokuwa na rangi ya kuchorea, nalo likamganda kama kupe. Siku hizi ni mtu mzima, anachora kwenye kompyuta na rangi haimgusi hata kidole, lakini nenda kamwambie huyo kaka.

Ndugu hawa wawili walikuwa wakitengeneza mchezo wa simu katika chumba cha nyuma cha duka la kaka, anakotengenezea simu za watu. Kaka aliandika programu, Doa akachora. Mchezo wenyewe haukuwa na makuu: mtoto amebeba ndoo ya maji kichwani, anapita chumba hadi chumba, na nyuma yake anakuja bata mzinga mwenye hasira zake. Akikudonoa umekufa, anza upya.

Tatizo lilikuwa uzito. Kwenye simu za bei ya chini mchezo ulikwama, na kaka alishampata mchawi.

"Ni michoro yako," alimwambia Doa. "Tuifute. Tuweke masanduku ya kijivu, mtu ajue huu mlango, huu ukuta, basi. Raha ya mchezo ni kukimbia, si kutazama mapazia."

"Masanduku! Nani atacheza na masanduku, kaka?"

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

"Na kizuri chajiuza," Doa akamrudishia. Mwaka mzima alikuwa ndani ya vyumba vile. Vikifutwa, alijijua, hatakuwa tena na moyo wa kuchora kitu kingine.

Na hapa ndipo unapotamani kumzaba huyo kaka kibao. Hakuwahi kuiona michoro ikiwa imekaa mahali pake! Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, kwa hiyo kila alipoujaribu mchezo alizizima picha, akakimbia na masanduku yake tu. Michoro alionyeshwa mmoja mmoja: leo sufuria, kesho dirisha, keshokutwa kigoda. Alisema "sawa" akaendelea na kazi. Sasa mtu umlambishe chumvi, umpe na kitunguu kibichi, halafu akuhukumie mchuzi?

Wakakubaliana shangazi yao aamue, maana yeye kubembeleza mtu hajui. Akapewa kwanza mchezo wa kijivu. Akakimbia, akamkwepa bata, akafika mwisho, akarudisha simu.

"Nimemaliza. Mna maji ya kunywa?"

Kaka akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Doa akainamisha kichwa.

Akapewa ule wenye picha. Akapita sebuleni, akapita ukumbini, akaingia jikoni, akafa. Akaanza tena, akafika jikoni, akafa. Mara ya tatu vilevile.

"Shangazi, mbona unasimama?" kaka akamaka. "Bata huyo nyuma yako!"

"Nimemwona. Niache."

"Umeona, Doa? Michoro yako inaua watu!"

"Hebu funga mdomo, wewe," shangazi akasema bila kuinua macho. "Nani kakwambia nataka kutoka humu? Dirisha la kijani, kitambaa kwenye msumari, mfuniko umeinamishwa mvuke utoke. Hivi ndivyo wifi yangu alivyokuwa akifunika sufuria. Kwenye kigoda hiki nimekaa nikimsengenya baba yenu, naye wifi anacheka mpaka anashika mbavu." Akapangusa macho. "Jamani, nilikuwa nimeshasahau rangi ya dirisha lile."

Wifi yake ndiye mama yao. Alifariki Doa hajaanza hata shule, na kaka ndevu zinamchomoza.

Kaka akaichukua simu. Akakimbia kwa vidole vya mazoea mpaka jikoni, akasimama. Bata akaja akamdonoa. Akaanza tena, akafia palepale. Doa aliogopa kumtazama usoni, kwani tangu siku ya maziko hakuwahi kumwona kaka yake akilia, na sasa machozi yalikuwa yakidondoka juu ya kioo naye akiyafuta kwa kidole gumba apate kuona.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha sufuria, Doa."

Shangazi akapenga kamasi.

"Uzito nitautafutia dawa, hiyo ni kazi yangu," kaka akasema mwishowe. "Na bata jikoni haingii, mtu akae anavyotaka." Kisha akagusa mlango uliokuwa nyuma ya kigoda. "Huu unakwenda wapi?"

"Haufunguki. Nilitaka kuchora chumba cha mama, sikikumbuki."

Kaka akavuta kiti, akakaa karibu yake.

"Mimi nakikumbuka," akasema. "Kitanda kilikuwa upande wa dirisha. Anzia hapo."